Kivuli kilichotoweka: kisa cha mbinu sanifu za kuchanganya matabaka ndani ya Synfig

Tuchukue onyesho moja. Mhusika amechorwa kwenye Krita, programu ya kuchora, kwa matabaka manne ndani ya kikundi kimoja, kila tabaka na mbinu yake ya kuchanganya. Chini kabisa ni mwili, Normal. Juu yake kivuli cha zambarau, Multiply, uzito (nguvu ya tabaka) asilimia 60. Kisha mwanga wa ukingoni, Screen. Juu ya yote chembechembe za ngozi, Soft Light. Kazi imehifadhiwa kama OpenRaster (.ora), faili linalobeba matabaka, picha za matabaka zikatolewa, kikundi kikajengwa upya Synfig, programu ya uhuishaji, kwa mpangilio uleule ili kihuishwe. Majina ya mbinu tunayaacha yalivyo kwenye menyu, kwa kuwa ndiyo anayoyaona mchoraji.

Kinachotokea ni hiki. Sehemu ya kivuli iliyotoka miguuni na kulala sakafuni haipo kabisa. Mwanga wa ukingoni umefifia, kama taa iliyopunguzwa. Soft Light haikuwamo kwenye orodha, kwa hiyo imewekwa Overlay mahali pake, na ngozi sasa ina madoa makali ambayo mchoraji hakuyachora.

Mtu huangalia picha hizo mbili na kusema Synfig ina hitilafu. Si kweli. Kila programu imefanya hesabu yake sawasawa. Shida ni kwamba jina moja kwenye menyu linabeba maswali matatu ndani yake: rangi mbili zinachanganywa kwa hesabu gani, alfa (kiasi cha pikseli kuziba kilicho chini yake) inatoka vipi, na namba zinazoingia kwenye hesabu ni za mwanga halisi au zimekwisha kusimbwa kwa ajili ya skrini. Krita na Synfig zinakubaliana kuhusu neno Multiply. Kuhusu majibu ya maswali hayo matatu hazijakubaliana, na kazi ya kuleta mbinu sanifu ni kuyatenganisha maswali hayo. Kuongeza majina mapya kwenye orodha peke yake hakutibu chochote.

Kiwango kinasema nini

Upande wa alfa ni wa zamani. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walieleza operesheni 12 za kuweka picha moja juu ya nyingine, na mpaka leo "over" yao ndiyo Normal ya kila programu. Upande wa rangi ulipangwa vizuri na PDF 1.4 mwaka 2001: mbinu 16, kati yake 12 zinazoshughulikia kila chaneli peke yake na nne zinazotazama chaneli zote kwa pamoja, yaani Hue, Saturation, Color na Luminosity. W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikazichukua mbinu hizohizo 16 kwa ajili ya kurasa za wavuti na SVG, na OpenRaster huandika nyingi kati yake kwa majina kama svg:multiply na svg:soft-light.

Hesabu yote inakaa kwenye mistari mitatu. Rangi ya chini ni Cb na alfa yake ab. Rangi ya juu ni Cs na alfa yake as, uzito wa tabaka ukiwa umeshaingizwa humo. B ndiyo mbinu yenyewe.

Cs' = (1 − ab) × Cs + ab × B(Cb, Cs)
co = as × Cs' + (1 − as) × ab × Cb
ao = as + ab × (1 − as)

Mstari wa kwanza ndio unaosahauliwa na watengenezaji wengi. Unasema kwamba pale ambapo chini hakuna kitu, mbinu haina cha kuchanganya nacho, kwa hiyo rangi ya juu inabaki ilivyo. Pale ambapo chini pamejaa, B inatawala. Katikati, kwenye kingo zilizolainishwa, unapata mchanganyiko wa hizo mbili. Tabaka la kiwango halipotei juu ya uwazi.

Kwa nini kivuli kilipotea

Multiply ya Synfig hufanya kitu kingine. Huzidisha rangi, hupima matokeo kwa alfa ya tabaka la juu na uzito wake, halafu huirudisha alfa ya chini kama ilivyokuwa. Juu ya pikseli tupu matokeo ni pikseli tupu. Na kwa kuwa kikundi cha Synfig huchorwa kwanza kwenye kanvasi yake tupu kabla ya kuwekwa juu ya mandhari, sakafu haikuwa "chini" ya kivuli. Ilikuwa nje ya kikundi. Kivuli kilizidishwa na hewa.

Tazama namba. Ngozi ni (0.9, 0.6, 0.4), alfa 1. Kivuli ni (0.5, 0.4, 0.6), uzito 0.6. Kuzidisha kunatoa (0.45, 0.24, 0.24), na baada ya uzito rangi inakuwa (0.63, 0.384, 0.304). Kwa namba hizohizo, programu zote mbili zinatoa jibu hilohilo, na ndiyo maana tofauti hii haionekani mtu anapojaribu mbinu juu ya mandhari yaliyojaa rangi. Sasa nenda sakafuni, ambako alfa ya chini ni 0. Kiwango kinaacha zambarau yenye alfa 0.6. Synfig inaacha alfa 0.

Ukingoni mwa mwili, alfa ya chini ikiwa 0.5, mambo ni ya siri zaidi. Tufuate chaneli nyekundu. Kwa kiwango, Cs' ni 0.475, co ni 0.465 na alfa 0.8; ukiweka juu ya karatasi nyeupe unapata 0.665. Kwa Synfig rangi ni 0.63 yenye alfa 0.5, na juu ya karatasi hiyohiyo inatoka 0.815. Pikseli moja tu, lakini mstari mzima wa pikseli hizo ndio ukingo wa shavu, na kwenye mwendo jicho linauona.

Hapa tunasema wazi: njia ya Synfig si kosa la kusahihishwa. Kwa mhuishaji anayetaka kivuli kikae ndani ya umbo la mwili bila kuchora kinyago, ndiyo inayofaa, na ina jina katika operesheni za Porter na Duff: source-atop. Yaani Multiply ya Synfig ni Multiply ya kiwango kwa upande wa rangi, pamoja na source-atop kwa upande wa alfa. Ukishaliona hilo, mbinu kadhaa za Synfig zinazoonekana za kipekee zinajipanga zenyewe. Composite ni Normal na source-over. Onto ni Normal na source-atop. Behind ni destination-over. Alpha Over, ambayo jina lake huwapotosha wengi, ni destination-out: hufuta kilicho chini. Alpha Intersection ni destination-in: hubakiza kilicho chini pale tu tabaka la juu lilipo.

Kwa hiyo suluhisho lenye akili ni menyu mbili badala ya moja: ya kwanza mbinu ya rangi, ya pili namna ya alfa. GIMP 2.10, programu ya picha iliyotoka 2018, ilichukua njia hiyo. Kila tabaka lina mbinu yake na, kando, chaguo la kuunganisha, kukata kwa umbo la chini, kukata kwa umbo la tabaka lenyewe, au kubakiza makutano tu. Mchoraji wa kawaida haigusi menyu ya pili, na hapaswi kulazimika kuigusa.

Anayehitaji kivuli chake leo, kabla ya mabadiliko yoyote ya msimbo, agawe tabaka hilo mara mbili. Sehemu ya mwilini ibaki ndani ya kikundi. Sehemu ya sakafuni itoke nje, iwekwe chini ya kikundi na juu ya mandhari, Multiply, uzito uleule 0.6, na mahali pake pafungwe na mahali pa kikundi ili mhusika akitembea kivuli kimfuate. Picha haitakuwa sawasawa na ya Krita, kwa sababu sasa kivuli kinazidishwa na sakafu yenyewe. Mara nyingi inapendeza kuliko ya awali.

Mwanga uliofifia

Hapa hesabu ya mbinu ni ileile na alfa haina lawama. Tofauti ni namba zinazoingia. Krita kwenye picha ya kawaida ya biti 8 huchanganya thamani kama zilivyosimbwa kwenye faili. Synfig, kanvasi ikiwa na gama 2.2 (kipeo kinachotumika kusimba mwanga kwa ajili ya skrini), huchanganya katika mwanga halisi na kusimba mwishoni.

Screen ni 1 − (1 − Cb)(1 − Cs). Chukua kijivu cha 0.5 juu ya kijivu cha 0.5. Kwa thamani zilizosimbwa jibu ni 0.75, yaani 191 kati ya 255. Kwa mwanga halisi, 0.5 inakuwa takriban 0.218, Screen inatoa 0.388, ukisimba tena unapata 0.65, yaani 166. Ngazi 25 zimepotea. Ndiyo "taa iliyopunguzwa" iliyoonekana kwenye onyesho.

Multiply haina shida hiyo, na sababu yake inastahili kukumbukwa: kupandisha kwa kipeo na kuzidisha havigombani. Zao la namba mbili zilizopandishwa kwa 2.2 ni zao lao lililopandishwa kwa 2.2. Kwa gama tupu jibu ni lilelile kwa njia zote mbili, mradi uzito ni 1. Uzito ukishuka, tofauti inarudi, kwa kuwa uzito ni wastani na wastani haukubaliani na gama. Nyeusi yenye uzito wa nusu juu ya nyeupe ni 128 kwa njia ya Krita na 186 kwa njia ya Synfig. Ukiona kivuli chako cha asilimia 60 kimekuwa chepesi kuliko ulivyokichora, usiilaumu Multiply. Angalia uzito.

Kuna njia ya mkato ya kuweka gama ya kanvasi kuwa 1.0, na Screen inarudi 191. Tunaipendekeza tu kwa kazi iliyochorwa yote kwenye programu ya biti 8 na kuingizwa kama picha. Ukungu, mipito ya rangi na mwanga unaojumlishwa kwa Add vitabadilika vyote kwa pamoja, na onyesho lililokwisha kuhuishwa litageuka sura. Jibu la kudumu ni nafasi ya rangi kuwa sifa ya tabaka: mbinu zilizotoka kwenye kiwango zihesabiwe kwa thamani zilizosimbwa kama kawaida yao ya kuanzia, na anayetaka mwanga halisi achague. Add ibaki kwenye mwanga halisi, kwani kujumlisha taa mbili ndiko kunakoelezwa vizuri na mwanga halisi.

Soft Light na ndugu zake

Kuweka Overlay badala ya Soft Light ni kosa la kawaida kwa sababu majina yanaonekana kama ya ndugu. Weka nyeupe kamili juu ya kijivu cha 0.5: Overlay inatoa 1, nyeupe kabisa. Soft Light ya W3C inatoa 0.707. Kwa chembechembe za ngozi hiyo ndiyo tofauti kati ya unyevunyevu na madoa ya chaki.

Lakini hata ukisema "tutaongeza Soft Light", Soft Light ipi? Ya W3C ina vipande: chini ya 0.5 ya rangi ya juu ni Cb − (1 − 2Cs) × Cb × (1 − Cb). Juu yake hutumia kipeuo cha pili cha Cb, isipokuwa Cb ikiwa 0.25 au chini, ambako huingia ((16Cb − 12) × Cb + 4) × Cb. Zipo programu zinazotumia kipeuo cha pili kila mahali. Ipo na fomyula fupi, (1 − 2Cs) × Cb² + 2 × Cs × Cb, ambayo kwa mfano wetu inatoa 0.75. Kwenye giza zinaachana zaidi: nyeupe juu ya mstari wa wino wa 0.04 hutoa 0.2 kwa kipeuo kila mahali na 0.142 kwa W3C. Wino wa katuni ni mweusi-mweusi, kwa hiyo huko ndiko kosa litakakoonekana kwanza. Kama lengo ni kupokea mafaili ya svg:soft-light, fomyula ni ya W3C na mjadala umekwisha.

Fomyula hiyo fupi ina historia. Katika GIMP kabla ya 2.10, ukichagua Overlay ulikuwa unapewa fomyula hiyo, yaani Soft Light iliyovaa jina la mwenzake. Kosa lilidumu miaka mingi kwa sababu kulisahihisha kungebadilisha picha za watu zilizokwisha kuhifadhiwa. Iliposahihishwa, mbinu za zamani ziliachwa ndani ya programu kama kundi la urithi, ili XCF (faili la GIMP) ya zamani ifunguke kama ilivyofungwa. Synfig inahitaji uangalifu huohuo. Mfululizo wenye vipindi kumi hauwezi kuchorwa upya kwa sababu menyu imesafishwa.

Kuingiza bila kuvunja mafaili

Faili la .sif, la Synfig, huandika mbinu kama namba nzima, kwa mfano:

<param name="blend_method"><integer value="6"/></param>

0 ni Composite, 6 ni Multiply, 16 ni Screen, 20 ni Overlay. Namba hizi hazifuati mpangilio wa menyu, na hapo ndipo mtu mwenye nia njema huharibu: anapanga upya orodha kwenye msimbo ili ivutie, na kila faili duniani linabadilika maana. Namba za zamani hazihamishwi, hazitumiwi tena kwa kitu kingine, hata mbinu ikiondolewa kwenye menyu. Mbinu mpya hupewa namba zinazofuata ya mwisho iliyopo.

Namna ya alfa na nafasi ya rangi viwe parameta mpya, kando na blend_method. Faili lisilo na parameta hizo ni la zamani kwa tafsiri, na kisomaji kinajaza: source-atop kwa Multiply, Screen, Overlay na wenzao wa rangi, na nafasi ya mwanga halisi. Tabaka jipya lililoundwa kwenye menyu huanza na source-over. Kwa hiyo kawaida ya kisomaji na kawaida ya kiolesura ni tofauti, na lazima ziwe sehemu mbili za msimbo. Zikiunganishwa kuwa moja, ama mafaili ya zamani yataharibika au watumiaji wapya hawatapata kiwango walichoahidiwa.

Majina nayo yafanane na ya nje: Brighten iitwe Lighten, Luminance iitwe Luminosity. Ni mabadiliko ya maandishi tu, namba hazigusiki. Subtract na Divide hazina mwenzao kwenye orodha ya W3C. Zibaki, ila anayetoa kazi kwenda kwenye wavuti aonyeshwe onyo kwamba tabaka hilo litageuzwa kuwa picha.

Yanayotokea picha inapotembea

Kiwango kiliandikwa kwa kurasa zilizotulia na kwa namba kati ya 0 na 1. Uhuishaji wa Synfig hauna hata kimoja cha hivyo. Rangi ni desimali zisizo na dari, na mwanga uliojumlishwa unafika 1.5 bila tatizo. Ipe Screen 1.5 na 1.5: 1 − (−0.5 × −0.5) ni 0.75. Taa mbili kali zimetoa giza kuliko kila moja. Soft Light ya kipeuo kila mahali ikipewa Cb hasi itatafuta kipeuo cha pili cha hasi, itarudisha kitu kisicho namba, na ukungu ulio juu yake utakisambaza kuwa doa jeusi linalotambaa. Tiba ni kubana Cb na Cs kati ya 0 na 1 ndani ya B kwa mbinu za kiwango pekee. Multiply na Add zisibanwe, zinastahimili.

Color Dodge ni hatari ya aina nyingine. Kwa Cs sawa na 1, jibu ni 0 kama Cb ni 0 kamili, na ni 1 kama Cb ni chochote juu ya 0. Wino mweusi ambao kwenye fremu moja ni 0 na kwenye fremu inayofuata ni 0.004, kwa sababu tu umesogea robo ya pikseli, utametameta kati ya nyeusi na nyeupe. Weka dari ya rangi ya juu kwenye 0.95 au chini yake na kupepesa kunakwisha. Saturation na Hue nazo hupepesa kwenye rangi zinazokaribia kijivu, kwa sababu tofauti ndogo mno kati ya chaneli inavutwa hadi ukolevu wa tabaka lingine.

Usihuishe mbinu yenyewe. Hakuna nusu ya njia kati ya Screen na Soft Light; picha itaruka kwenye fremu moja. Nakili tabaka, ipe kila nakala mbinu yake, na pandisha uzito wa moja huku ukishusha wa nyingine kwa fremu 8 hadi 12.

Kupima

Faili la .ora ni kifurushi cha ZIP. Ndani yake mna stack.xml yenye mpangilio na mbinu, folda ya data yenye PNG za matabaka, na mergedimage.png, ambayo ni picha nzima kama programu iliyolihifadhi ilivyoiona. Hiyo ya mwisho ni zawadi: jibu sahihi limekuja pamoja na swali. Onyesho letu likijengwa upya kwa mbinu mpya, fremu ya kwanza ilinganishwe na mergedimage.png, na hakuna chaneli ya pikseli yoyote inayopaswa kuachana kwa zaidi ya ngazi 1 au 2 kati ya 255.

Kabla ya hapo pima mbinu moja moja. Picha ya 256 kwa 256, Cb ikipanda kulia na Cs ikipanda juu, inaonyesha sura nzima ya mbinu kwa mtazamo mmoja. Overlay na Hard Light zikibadilishana nafasi, yaani aliyeandika amegeuza Cb na Cs, utaona picha imepinduka kwenye ulalo wake. Ni kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote. Kisha rudia kwa alfa 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1 juu na chini: jozi 25 kwa kila mbinu, 400 kwa mbinu zote 16. Jozi za alfa 0 zisirukwe. Kivuli cha onyesho hili kilipotelea kwenye jozi ya aina hiyo: chini 0, juu 0.6, na hakuna aliyekuwa ameipima.